Mke wa Kwenye Bati

Apolinaria alijiona amepiga magoti kabla hata hajanywa chai.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, anakwenda kazini, baiskeli inateremka vizuri barabara ya sokoni. Alipofika mbele ya duka la Popatlal akafunga breki nusura aanguke. Juu ya mlango, palipokuwa ukuta mtupu jana asubuhi, palikuwa pamepigiliwa bango jipya la bati. Mwanamke wa kwenye bango alikuwa chini, kitambaa mkononi, anasugua sakafu nyekundu. Nyuma yake alikaa mwanamume kwenye kiti cha mito, gazeti limemfunika uso, viatu vyake vinang'aa. Chini yao maandishi meupe: RAHA YA MKE NI SAKAFU YA PAMBO.

Mwanya ule wa meno ya mbele ulikuwa wake. Hata kovu dogo juu ya jicho, alilolipata utotoni Ntalikwa kwa kuanguka na mtungi, lilikuwepo. Na mwanamke huyo alikuwa anacheka, anacheka hasa, kama mtu aliyeambiwa habari njema.

Popatlal alitoka na ufagio, akamwona anavyotazama juu.

"Pendeza, eh? Polishi yangu mwenyewe, dada. Nta ya hapa hapa Tabora. Nanunua ushirika kwenu, unajua."

"Najua. Ni mimi ninayeipima. Nani amechora?"

"Alois. Fundi yule! Mengine nimeyapeleka kwa treni, stesheni zote kutoka Igalula mpaka Kigoma."

"Na huyu mwanamke ni nani?"

Popatlal akalitazama bango, akamtazama yeye, akalitazama bango tena. Ufagio ukasimama.

"Mimi nilisema achore mke mzuri tu," akajibu polepole. "Jina sikuuliza."

Apolinaria akapanda baiskeli bila kuaga. Haikuwa desturi yake kuondoka hivyo.

Kazini alijua habari imemtangulia. Kwenye ghala la ushirika wa wafuga nyuki yeye ndiye aliyekuwa akipokea asali na nta kutoka porini. Alivunja madonge, akanusa, akaonja, akasema hii daraja la kwanza, hii rudisha. Wanaume wenye umri wa baba yake walisimama mbele yake wakisubiri neno lake. Siku hiyo Mayala, mpimaji wa mizani, alimpokea kwa kuinama mpaka kiunoni.

"Shikamoo, Mama Pambo! Ghala letu nalo sakafu yake imechakaa."

Wafuga nyuki wakacheka. Mmoja akaongeza, "Bwana yuko wapi na gazeti lake?"

"Mayala, mizani haijakaa sawa," Apolinaria akasema. "Isawazishe, halafu ucheke."

Mayala akaisawazisha. Lakini asubuhi nzima, kila Apolinaria alipoinama kuokota kitu, kulikuwa na mtu anakohoa.

Alois alikuja saa sita mchana, saa za kufunga siku ya Jumamosi. Alisimama mlangoni kofia mkononi, ananukia tapentaini, vidole vina rangi nyekundu kwenye kucha. Siku nyingine Apolinaria angeitazama mikono ile na kusahau anachoandika. Mwaka mmoja na nusu sasa alikuwa anaipenda. Leo aliiona na kukumbuka sakafu.

"Umeliona," Alois akasema.

"Na wewe umelichora."

"Umekasirika kwa sababu sikuomba ruhusa?"

"Hiyo ni sababu ya kwanza. Nyingine zimepanga foleni."

Alois akaketi juu ya pipa la asali. "Polina, nisikilize. Popatlal aliniletea picha aliyokata kwenye gazeti la Ulaya. Mwanamke wa Kizungu amepiga magoti, bwana amekaa. Akasema, nichoree hivi hivi, mfanye awe wetu. Nikachora sakafu, nikachora magoti, nikachora kitambaa. Nilipofika usoni nikakwama. Mimi kila nikichora uso wa mwanamke, mkono unakuja kwako. Nifanyeje?"

Maneno hayo yalimgusa mahali ambapo hakutaka kuguswa. Akageuka akafunga dirisha lililokuwa limefungwa.

"Ungemchora shangazi yako."

"Shangazi hana mwanya."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Umewahi kunikuta nasugua sakafu?"

"Hapana."

"Umewahi kunikuta nakusubiri na kitambaa?"

"Nikija kwako huwa unanituma maji bombani."

"Basi yule umemtoa wapi?"

Alois alizungusha kofia mkononi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama amekubali."

Apolinaria akaketi naye.

Kwa mwaka mmoja na nusu neno hilo ndilo walilolisubiri. Bernadeta, mama yake Alois, alikuwa mjane wa Igalula, na mwanawe huyo hakuweza kuoa bila yeye kutamka ndiyo. Na alikuwa amekataa. Sikukuu ya Pasaka alikataa, wakati wa mavuno akakataa tena. Alisema hataki mkwe anayepanda baiskeli na kubishana na wanaume juu ya mizani, ameambiwa hata goti hapigi. Yeye na Apolinaria walikuwa hawajawahi kuonana.

"Amekubali lini?"

"Juzi. Amelikuta bango stesheni ya Igalula. Watu wakamwambia, huyu ndiye mchumba wa Alois. Ameniletea salamu na mtu wa treni. Anasema, kumbe msichana mwenyewe ndiye huyu, nilimwonea bure." Alois akainua macho. "Anakuja leo kukuona. Treni ya mchana."

"Anakuja kumwona nani, Alois? Mimi au yule wa bati?"

"Polina, nakuomba kitu kimoja. Leo tu. Iondoe baiskeli chumbani. Vaa kitenge kizuri. Usizungumze habari za mizani. Mwache mama aamini, arudi Igalula amefurahi, wajomba waende Ntalikwa kwa baba yako kuposa. Tukishaoana utapanda baiskeli mpaka Urambo, nani atakuuliza?"

"Na tukishaoana, yule wa bati ataondoka? Au nitaishi naye nyumba moja, kila mama akija namvaa?"

Alois akanyamaza. Wanaume wengi wema hunyamaza hapo hapo. Hawana nia mbaya, wanachotaka ni siku ipite kwa amani, na hawaulizi amani hiyo inabebwa na nani.

"Nikisema ukweli atanikataa," Apolinaria akasema.

"Atakukataa."

"Na wewe?"

Alois alimtazama, macho yana maji. "Mimi siwezi kukuacha. Na yeye siwezi kumwasi. Baba alikufa nikiwa mdogo, Polina. Sina mtu mwingine."

Angesema uongo ingekuwa rahisi kumchukia. Apolinaria akachukua funguo. "Nenda stesheni ukampokee. Sikuahidi kitu."

Apolinaria alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Isevya, sakafu ya saruji, kitanda, meza, kiti, na baiskeli imeegemea ukuta. Alipofika alisimama katikati akakitazama kwa macho ya mgeni. Sakafu ilikuwa ya kijivu, ina ufa, na huku na huku yamegandia matone ya nta yaliyotoka kazini chini ya viatu vyake.

Wala msimcheke kwa alichokifanya. Alimtaka yule kijana. Alimtaka kwa ajili ya namna alivyotembea naye siku mnyororo ulipokatika, kutoka Cheyo mpaka nyumbani, akiikokota baiskeli yeye, hasemi neno la kujionyesha. Alimtaka kwa mashati anayoyafua mwenyewe na kuyaanika bila haya, majirani wanamwona. Mtu wa namna hiyo hapatikani kila mahali. Kwa hiyo Apolinaria aliipeleka baiskeli kwa jirani yake Koleta, akavaa kitenge, akachukua kitambaa na ndoo ya maji. Akaweka goti moja chini, akaanza kukwangua nta.

Alikwangua tone la kwanza. Alipofikia la pili mkono ukasimama. Nta hii aliijua. Ilikuwa ya porini Ugalla, safi, ameinusa mwenyewe na kuipitisha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inamtia aibu.

Akainuka, akapangusa goti, akarudi kwa jirani. Koleta alikuwa bado hajaingia ndani.

"Umesahau nini?"

"Baiskeli yangu."

"Si umesema mama mkwe..."

"Nipe baiskeli, Koleta."

Walikuja jua limeanza kulegea. Apolinaria aliwaona kutoka mlangoni. Alois amebeba kikapu chenye kuku, na pembeni yake mama mrefu, mwembamba, anatembea taratibu kwa kujipinda upande mmoja kama mtu anayeshuka ngazi, ingawa njia ilikuwa tambarare.

Apolinaria akatoka mpaka nje ya kizingiti, akapiga magoti mchangani.

"Shikamoo, mayu," akasema, kama angemwita mama yake mzazi nyumbani.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Inuka, inuka." Bernadeta alimshika bega, akamtazama mwanya, akamtazama kovu, akatabasamu. "Ndiye kabisa! Alois, umepatia."

Wakaingia. Bernadeta alisimama katikati ya chumba. Aliitazama baiskeli. Kisha akatazama chini, akatazama mpaka kwenye pembe, akainua macho.

"Sakafu iko wapi?"

"Ni hii, mayu."

"Nauliza ile nyekundu."

Alois alimtazama Apolinaria, na macho yake yalikuwa yanaomba. Apolinaria aliyaona, yakamuuma. Akamsogezea mama kiti, mwenyewe akabaki amesimama.

"Mayu, yule wa kwenye bango si mimi. Uso ni wangu, Alois aliuchukua. Magoti yametoka kwenye gazeti la Ulaya. Mimi kazi yangu ni kupima asali na nta ushirikani. Polishi ile ina nta iliyopita mikononi mwangu, lakini sakafu yangu sijawahi kuipaka. Naifagia, basi. Baiskeli ile ni yangu. Nikiolewa nitaendelea na kazi. Pale mlangoni nimekupigia goti kwa sababu umenizidi umri na umemzaa mtu ninayempenda. Goti lile nimelitoa mwenyewe, na nitalitoa kila nikikuona. La kwenye bati sikulitoa. Nimesema yote, mayu, usije ukasema baadaye nilikudanganya."

Kuku alijitikisa kwenye kikapu. Hakuna mwingine aliyetikisika.

"Kwa hiyo hucheki," Bernadeta akasema.

"Mayu?"

"Ukisugua. Hucheki vile."

"Sijamwona mtu anayecheka akisugua, mayu."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolihofia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa nguo, akatoa kopo jipya la Pambo, akaliweka mezani. Halafu akashika pindo la kitenge, akalivuta mpaka juu ya magoti.

Yalikuwa meusi kuliko ngozi yake nyingine, yamevimba, ngozi imekuwa ngumu na kukunjamana kama ya kiwiko cha mzee.

"Baba yake huyu alipofariki," akasema, "nilifanya kazi nyumba ya mkubwa mmoja wa reli, enzi za Waingereza. Veranda ile mimi nilijua kila ufa wake. Nilikuwa nasugua kurudi nyuma, bibi wa nyumba anapita mbele, nafuta nyayo zake, anapita tena. Alois, wewe ulikuwa unacheza chini ya ngazi. Hukumbuki."

"Sikumbuki, mama. Hukuwahi kuniambia."

"Nikuambie nini? Ulikuwa unakula, unashiba, inatosha." Akaligusa kopo kwa kidole. "Juzi nimeshuka stesheni, nikaona mtoto wa watu amepiga magoti anacheka. Nikamwomba mtu anisomee. Raha, akasema. Imeandikwa raha. Nikasimama pale mpaka jua likanichoma. Nikasema, kumbe siku hizi wametengeneza polishi isiyoumiza! Mimi nimesugua miaka yote ile, hata siku moja sikucheka. Huyu ana siri gani? Nikanunua kopo. Nikasema nitakuja, atanionyesha."

Apolinaria alipiga hatua, akaketi kitandani karibu na yule mama, mabega yakagusana.

"Siri hakuna, mayu. Pole."

"Na wewe nilikukataa." Bernadeta alisema hilo akitazama ukuta. "Waliniambia hupigi goti. Nikasema, mimi nimewapigia watu wote magoti, huyu ni nani asipige? Nilipokuwa Igalula maneno hayo yalikuwa matamu. Hapa nayasikia vibaya."

Alois alikuwa ameinama, mikono imefunika uso. Apolinaria alimwita kwa upole aliokuwa amemnyima tangu asubuhi.

"Alois. Kile kicheko ulikitoa wapi? Maana najua hukukitoa gazetini. Yule wa Ulaya lazima alikuwa na chake."

Alipangusa macho kwa kiganja. "Siku ya kiazi."

"Kiazi gani?" mama akauliza.

"Siku niliyomwona mara ya kwanza, mama. Nilikuwa naandika jina la ushirika mlangoni. Akaja mzee mmoja na donge kubwa la nta, zito kupita kiasi. Polina akalinusa, akalivunja. Ndani mna kiazi kitamu kizima!"

"Acha!"

"Kizima, mama, kina maganda yake. Polina akakishika juu, akamwuliza yule mzee, babu, hiki kimetagwa na nyuki gani? Watu wote kimya. Halafu akacheka. Mimi brashi ikaniponyoka, jina la ushirika mpaka leo lina doa." Akamtazama Apolinaria. "Nilikichukua kicheko cha siku ile, nikakiweka chini, kwenye magoti ya mtu mwingine. Mama akakiamini. Nisamehe. Nisameheni wote wawili."

Bernadeta alikuwa anatikisika mabega. Apolinaria alidhani analia, kumbe alikuwa anacheka, akirudia kwa mnong'ono, kimetagwa na nyuki gani. Alipomaliza alipangusa macho kwa pindo la kitenge, akalisukuma kopo kuelekea kwa mwanawe.

"Fungua."

"Mama?"

"Nimelibeba kutoka Igalula, halirudi. Na mimi sisugui, huyu naye hasugui. Kitambaa kile pale. Piga magoti, baba."

Alois alimtazama mama yake, akaona hatanii. Akavua viatu, akapiga magoti kwenye saruji, akachovya kitambaa. Apolinaria akawasha jiko la mkaa nje, akarudi na chai. Wanawake wawili wakaketi kitandani, miguu wameipandisha juu, vikombe mikononi.

"Paka kidogo kidogo, usimwage kama uji. Kaza mkono. Rudi nyuma, rudi nyuma. Hapo umeruka."

"Wapi, mama?"

"Hapo, karibu na gurudumu."

Alois alipaka na kusugua, jasho likimdondoka puani. Alikuwa hodari wa kuta, lakini sakafu hakuijua. Alirudi nyuma kwa bidii, akasugua, akarudi, mpaka mgongo ukagonga ukuta. Akageuka. Amejifungia pembeni kabisa, mbele yake chumba kizima chekundu kibichi, na mlango uko upande wa pili.

"Sasa natokaje?"

"Hutoki," mama yake akasema, akanywa chai. "Unangoja ikauke. Mimi nilijifunza siku ya kwanza." Akamtazama pale alipochuchumaa, amepakaa rangi mpaka kidevuni. "Mbona hucheki, mwanangu? Kwenye bango wanacheka."

Apolinaria alijaribu kuweka kikombe mezani, hakuwahi. Kicheko kilimtoka chote, kichwa nyuma, mwanya nje, chai ikamwagika kwenye kitenge. Alois aliinua macho kutoka chini, akasahau magoti yanayomchoma. Alikuwa amekichora kicheko kile mara nyingi na kujiona amekipata. Sasa aliona kila mara alikichora kidogo mno.

"Jumatatu napanda ngazi kwa Popatlal," akasema. "Namfuta yule mwanamke, uso na magoti. Nitamchorea Popatlal kopo tu, kubwa, akitaka nitamrudishia ujira wake. Nitayafuata na ya stesheni zote."

"Na yule bwana wa gazeti?" Apolinaria akauliza.

"Nimfanyeje?"

"Mwache peke yake na sakafu yake. Atajua la kufanya."

Bernadeta alishusha mguu mmoja kwa tahadhari, akakumbuka, akaupandisha tena. Alikuwa anatazama suruali ya mwanawe, ile ya kijivu, ya pekee anayovaa kanisani. Kwenye magoti ilikuwa na mabaka mawili mekundu, makubwa kama sahani.

"Haitatoka hiyo," akasema. "Naijua."

"Nitajaribu kwa mafuta ya taa, mama."

"Usijaribu. Jumapili ijayo wajomba zako na mimi tunakwenda Ntalikwa kwa baba yake huyu, na wewe utaivaa hivyo hivyo. Akiuliza magoti ya mkwe yamepata nini, mimi nitamjibu."